Eimboti na Wolhaki: Venye Wasee Huiba Kwa Gemu za Onlaini

Umejificha nyuma ya ukuta, hujapiga risasi hata moja, na bado msee anatokea kama ameitwa, anakupasua kichwa. Manze, kuna mtu anaiba ama wewe ndio mbaya? Mara nyingi ni wewe. Lakini si mara zote.

Eimboti ni programu ya kukulengea: bunduki inajigeuza yenyewe hadi kwa kichwa ya adui. Wolhaki nayo inakuonyesha watu wakiwa nyuma ya ukuta, na hakuna uchawi hapo. Ndio gemu isikwame, seva hutumia kompyuta ama simu yako mahali maadui wako, hata wenye bado huwaoni. Wolhaki inasoma tu hiyo habari kwa memori na kuichora kwa skrini. Ndio maana kuimaliza ni ngumu.

Kesi ya kuchekesha na kuuma ni ya Nikhil Kumawat, jina la gemu forsaken. Oktoba 2018 alikuwa anachezea OpTic India kwa mashindano ya Counter-Strike kule Shanghai. Mechi ikasimamishwa, ofisa akakuja kucheki kompyuta yake, jamaa akajaribu kufuta faili mtu akiwa amesimama hapo kando. Jina la faili? word.exe. Yaani eti alikuwa anaandika barua katikati ya vita. Timu ikatolewa, yeye akapigwa marufuku miaka 5, na OpTic ikaachilia kikosi chote. Wasee wanne walipoteza kazi ju ya mmoja.

Na usidhani ni mchezo wa watoi. Machi 2021 polisi wa China, wakisaidiana na Tencent, walivunja genge lenye lilikuwa linauza programu za wizi kwa wateja wa nchi kibao, malipo ya siku ama ya mwezi. Watu 10 walishikwa, na mali ya karibu dola milioni 46 ikachukuliwa, magari ya kifahari ndani. Korea Kusini kusambaza hizi vitu ni kosa la jinai tangu 2017.

Hapa mtaani, chenye inasumbua zaidi ni faili za "daimondi bila kikomo" za Free Fire. Daimondi zako zinahesabiwa kwa seva za Garena, si kwa simu yako, kwa hivyo hakuna faili ya Telegram inaweza kukuongezea hata moja. Chenye inaweza ni kukuomba ruhusa ya kusoma SMS, kwa simu hiyo hiyo iko na M-Pesa.