Nyumba Inapouzwa, Kiuzwacho ni Nini?

Sentensi "fulani ameuza nyumba" inaonekana nyepesi kiasi kwamba hakuna anayesimama kuitafakari. Lakini katika miji ya kale ya Waswahili sentensi hiyo iliweza kuwa na maana nne mbalimbali. Aliyeuza huenda aliuza kuta na paa bila ardhi iliyo chini yake. Huenda aliuza fungu lake la urithi katika nyumba ambayo ndugu zake wamo ndani bado. Huenda aliuza kitu ambacho kwa sheria ya dini hakikuwa chake kuuza. Au huenda aliuza kama ilivyo desturi leo: nyumba, kiwanja na hati, vyote kwa pamoja, kwa mkono mmoja.

Maana hii ya nne ndiyo changa kuliko zote, nayo ndiyo iliyozimeza nyingine. Insha hii inafuata njia iliyopitiwa na maneno manne, yaani nyumba, wakfu, kiwanja na hati, katika Lamu, Mombasa na Unguja. Hoja yake ni moja: watu wa pwani wameuza nyumba tangu zamani, na kilichobadilika ni wingi wa vitu vinavyoondoka pamoja na nyumba siku inapouzwa.

Nyumba

Tuanze Lamu, ambako jiwe lenyewe linafundisha lugha. Nyumba za kale za mji huo, nyingi zikiwa za karne ya 18 na ya 19, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, vikifuatana kimoja nyuma ya kingine. Mgeni akitoka njiani hukutana na daka, ambalo ni baraza la mlangoni. Kisha tekani, kisha kiwanda kilicho wazi kwa anga. Baada ya kiwanda huja misana, kisha ndani, na mwisho kabisa chumba kiitwacho nyumba ya kati. Katika chumba hicho wanawake walijifungua, na humo maiti waliandaliwa kabla ya kuzikwa.

Tazama basi lugha ilivyofanya kazi yake. Jina nyumba halikuishia kwenye jengo zima, bali lilipewa pia chumba cha ndani kabisa, mahali pa kuzaliwa na pa kuagwa. Nasaba nazo zilihesabiwa kwa maneno ya mwili na ya jengo: ukoo uligawika milango, na mlango ukagawika matumbo. Kwa hiyo "mlango wa fulani" uliweza kuwa mbao zilizochongwa au kizazi kilichotoka kwa babu mmoja. Methali isemayo nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, ina uzito zaidi masikioni mwa anayezijua maana hizi mbili.

Katika koo zenye uwezo, nyumba ilikuwa mali ya binti kwa namna ya pekee. Mzazi alimjengea binti yake nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya nyumba ya zamani, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Ndugu walipokaa pande mbili za ujia, chumba kilijengwa juu ya ujia huo kuunganisha nyumba mbili. Chumba hicho huitwa wikio. Mpita njia huona paa la kivuli tu, ilhali juu yake wanawake waliweza kwenda kwa jamaa zao bila kushuka njiani.

Fikiri nyumba ya namna hiyo ikiuzwa kwa mtu wa nje. Wikio ni la nani? Linasimama juu ya kuta za pande mbili, na chini yake ni njia ya watu wote. Jengo lenyewe lilikuwa limefanya ukuta wa jirani kuwa sehemu ya makazi, na kuuza upande mmoja kulihitaji mazungumzo na upande wa pili. Hapakuwa na haja ya kuandika jambo hilo popote, kwa kuwa boriti zilikuwa zimeliandika.

Wasomaji wa utenzi wa Al-Inkishafi, alioutunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, watakumbuka kuwa mshairi yule aliyatazama majumba ya Pate yaliyobaki magofu na kuyafanya hoja ya kuukanya moyo wake. Nyumba zile zilipotea kwa sababu wenyewe walikwisha. Katika fikira za utenzi ule, mwisho wa nyumba ni mauti. Karne iliyofuata ilileta mwisho wa aina nyingine: nyumba yenye wenyewe walio hai, ambayo imewatoka mikononi.

Mirathi na wakfu

Mlango wa kwanza wa uuzaji ni mirathi. Chukua mfano wa hesabu. Mtu amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumuni, yaani 1/8. Zinazobaki, 7/8, hugawanywa ili mwana wa kiume apate mara mbili ya binti: kila mwana 2/8, kila binti 1/8. Hesabu inatimia bila baki. Lakini nyumba haigawanyiki kama hesabu. Msana haukatwi vipande vinane, na kiwanda kina kisima kimoja.

Hapo pana njia tatu. Warithi wakae pamoja. Au mmoja awanunulie wenzake mafungu yao. Au nyumba iuzwe na fedha zigawanywe. Sheria ilijua hatari ya njia hiyo ya tatu, ikaweka haki ya shufaa: mshirika akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika mwenzake ana haki ya kulichukua kwa bei ileile. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waswahili wengi, haki hiyo ni ya mshirika katika mali, si ya jirani tu. Neno shufaa sasa halisikiki sana nje ya mabaraza ya wanasheria na mashehe, lakini ndani yake lina wazo zima: kwamba nyumba inaweza kuuzwa bila kuvunja mduara wa waliomo.

Wengine walitaka kuzuia uuzaji kabisa, na hao ndio walioweka wakfu. Asili ya neno hili la Kiarabu ni kusimamisha. Mali iliyowekwa wakfu imesimama: haiuzwi, hairithiwi, hairehaniwi. Manufaa yake tu ndiyo yanayotembea. Mwenye nyumba aliweza kuyaelekeza kwa msikiti, au kwa watoto wake na wajukuu wake kizazi baada ya kizazi, na kizazi kikikatika, kwa maskini. Wakfu wa kizazi ulikuwa ufumbuzi wa ile hesabu ya thumuni: nyumba haigawanyiki, basi isigawanywe, wote wakae, pasiwe na mwenye kuuza.

Hapa ndipo maana ya neno moja ilipopelekwa mahakamani. Mwaka 1894 Baraza la Ushauri la Malkia mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya dola ya Uingereza, liliamua kesi iliyotoka India. Majaji walisema kwamba wakfu unaowanufaisha jamaa wa mtoaji, huku maskini wakiwekwa mbali mwisho wa kizazi, si sadaka ya kweli, na kwa hiyo ni batili. Waislamu walikuwa na hoja nyepesi ya kujibu: katika dini yao kumpa jamaa ni sadaka pia. Kwa Kiingereza cha majaji, sadaka ilikuwa kile apewacho mgeni maskini. Tofauti ya maana ya neno ikawa tofauti ya nani ana nyumba.

India ilitungiwa sheria ya kurekebisha jambo hilo mwaka 1913. Pwani ya Afrika Mashariki ilifuatwa na uamuzi ule kwa muda mrefu zaidi. Kesi ya wakfu iliyotoka Kenya ilipofika London mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilihukumiwa kwa mwendo uleule. Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya Kenya ya mwaka 1951 ndiyo iliyokuja kuutambua wakfu wa kizazi. Kwa muda wote uliopita kabla ya hapo, mrithi mmoja aliyetaka fedha aliweza kwenda mahakamani kuubatilisha wakfu wa babu yake, na nyumba iliyosimama ikarudi kwenye mafungu, na kutoka mafungu ikaenda sokoni.

Kiwanja

Sheria ya Kiingereza ilileta pia kanuni ya pili iliyogongana na lugha ya pwani: kwamba kilichopachikwa ardhini ni cha mwenye ardhi. Waswahili hawakulazimika kufikiri hivyo. Kwao mwenye nyumba na mwenye kiwanja waliweza kuwa watu wawili, kila mmoja na mali yake kamili.

Mitaa ya Majengo ya Mombasa ilikua kwa mpango huo. Mtu alikodi kiwanja, akajenga nyumba ya Kiswahili ya udongo, fito na makuti, na baadaye mabati: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uwani nyuma. Alilipa kodi ya kiwanja, na yeye mwenyewe alipokea kodi ya vyumba. Aliweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani. Mnunuzi alinunua kuta, paa, milango na haki ya kuendelea kukaa pale. Ardhi haikuguswa. Wanawake wengi, hata wasio na ukoo wenye majumba ya mawe, walipata kuwa wenye nyumba kwa njia hii.

Unguja, Ng'ambo nayo ilijengwa vivyo hivyo, ng'ambo ya hori lililoitenga na Mji Mkongwe. Wakazi wengi walikuwa watumwa wa zamani na watoto wao, na viwanja vilikuwa vya matajiri au vya wakfu. Kodi ya kiwanja ilipozidi kuwalemea, watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa mwaka 1928. Mgomo ule ulihusu fedha, lakini ulihusu pia swali letu: nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, je, inaweza kuwa yangu ikiwa ardhi iliyo chini yake inaweza kunitoa? Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar iliwekwa chini ya serikali na majumba mengi yakataifishwa, na jibu likageuka tena.

Hati

Katika pwani ya Kenya, iliyokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1895, Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye madai aje kwa msajili katika muda uliowekwa. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Waliojua kusoma matangazo, waliokuwa na mashahidi na waliokuwa karibu na ofisi walipata karatasi. Wengi wa waliolima na kukaa bila karatasi, wakiwemo Wamijikenda na uzao wa watumwa, walibaki wageni mahali walipozaliwa. Kiswahili cha Kenya kimewapa jina lisilo na shairi lolote ndani yake: maskwota.

Hati ilikuwa na manufaa yake, na si haki kuyaficha. Iliondoa ugomvi wa mipaka na ilimwezesha mtu kukopa. Lakini hati hutaja mwenye mali kwa jina, na haina mahali pa wikio, wala pa shufaa, wala pa binti aliyeambiwa na babake kwa mdomo kwamba ghorofa ya juu ni yake. Kisichoandikwa humo huondoka kimya siku ya kuuza.

Ndipo tunaporudi Lamu. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wageni kutoka Ulaya walianza kununua nyumba za mawe Shela na Lamu mjini. Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta zikapata mlinzi, na bei ikapata sababu ya kupanda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Hivyo sheria ya leo, bila kukusudia, imerudi kwenye wazo la zamani kwamba kukaa juu ya ardhi na kuimiliki ni mambo mawili.

Si sawa kumlaumu kila anayeuza. Nyumba ya matumbawe hula chokaa na boriti mwaka hata mwaka. Mjane mwenye thumuni katika nyumba inayovuja hana anachoweza kufanya na thumuni hiyo ila kuiuza, na binti ambaye kaka zake wamekaa katika nyumba ya baba miaka 20 bila kumpa fungu lake, siku ya mauzo huenda ndiyo siku ya kwanza anapoiona haki yake. Mduara wa ukoo uliwakinga wengine na kuwafungia wengine.

Kazi ya wenye kalamu ni ndogo kuliko ile ya mahakimu, lakini ni yao. Sheria hubadilisha maana za maneno bila kubadilisha maneno yenyewe. Wakfu, sadaka na nyumba yameshuhudia hayo. Anayetunga shairi kuhusu nyumba iliyouzwa na ayatumie majina yake kwa usahihi: aseme kama kilichokwenda ni kuta, ni kiwanja, ni fungu, au ni nyumba ya kati. Msomaji atajua basi ni nani aliyepoteza, na amepoteza nini.