Wi-Fi haionekani kwenye Linux? Usikimbilie kununua kadi mpya

Kompyuta ilikuwa inashika Wi-Fi vizuri kwenye Windows. Umeweka Ubuntu, na sasa hakuna mtandao hata mmoja unaoonekana. Mara nyingi kadi haijafa. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Linux kuitumia kadi hiyo.

Draiva nyingi huja ndani ya Linux yenyewe. Lakini chipu kadhaa za Broadcom zinategemea draiva ya kampuni ambayo huwekwa kando, hadi mtumiaji aiombe.

1. Angalia kama imezimwa
Fungua Terminal, andika:
`rfkill list`
Ukiona "Soft blocked: yes", andika `sudo rfkill unblock wifi`. "Hard blocked: yes" maana yake mara nyingi ni kwamba kuna swichi au kitufe kilichoizima. Kama Wireless LAN haimo kabisa kwenye orodha, endelea.

2. Ijue chipu yako
Andika:
`lspci -nnk`
Tafuta mstari wa "Network controller". Utaona namba kama [14e4:4365]. Hapo 14e4 ni Broadcom, na 4365 ni chipu ya BCM43142. Ukitafuta msaada, tumia namba hii, siyo jina la kompyuta, kwa sababu kompyuta za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti.

Kama kadi yako ni ya kuchomeka kwa USB, tumia `lsusb`.

3. Pata intaneti kupitia simu
Draiva inahitaji intaneti, na intaneti ndiyo huna. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspot, washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux itaichukua simu kama mtandao wa waya. Usiruhusu masasisho mengine kwa sasa, yasije yakamaliza bando.

4. Weka draiva
Kwa BCM43142 kwenye Ubuntu:
`sudo apt update`
`sudo apt install bcmwl-kernel-source`

Kama Secure Boot imewashwa, utaombwa kutunga nywila. Washa kompyuta upya, na kwenye skrini ya bluu chagua "Enroll MOK", kisha weka nywila ileile. Wengi hukwama hapa: ukiiruka skrini hiyo, draiva itakuwepo lakini haitafanya kazi.

Kadi za Intel na Realtek
Nyingi zina draiva tayari, ila zinahitaji faili la ziada la kuiendesha chipu. Andika `sudo dmesg | grep -i firmware` uone kama kuna faili linalokosekana. Kwenye Debian, mafaili haya yamo ndani ya kisakinishi rasmi tangu toleo la 12 la mwaka 2023.

Fundi anahitajika lini?
Kama `lspci` na `lsusb` zote hazioni kadi, huenda imelegea au imezimwa kwenye BIOS. Hapo draiva haitasaidia, mwone fundi.