Saruji mbichi huchoma kimyakimya
Anayetengeneza vyungu vya maua kwa saruji huko Asembo Bay, kaunti ya Siaya, aweke kwanza mtungi wa maji safi karibu naye. Saruji iliyochanganywa na maji ina alkali kali, yenye pH ya 12 hadi 13. Huila ngozi polepole, na aghalabu maumivu huja saa kadhaa baadaye. Glavu ziwe za mpira. Za kitambaa hufyonza saruji na kuigandamiza mkononi. Vumbi lahitaji barakoa. Ikiingia jichoni, suuza kwa dakika 20 mfululizo, kisha uende hospitalini. Ziwa Victoria liko hatua chache tu, lakini ufuoni mwake mna vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya hata ngozi isiyo na jeraha.