Pachiko, Si "Nyongeza ya Ziada"

Nililetewa rasimu ya faharasa ya istilahi za michezo ya kompyuta niitolee maoni. Maoni niliyatoa, hayakujibiwa kwa maandishi, na rasimu imesambazwa upya ikiwa vile vile ilivyokuwa, nukta kwa nukta. Kwa hiyo nayatoa hapa, hadharani. Kile ambacho vijana wanaorusha ndege ndogo kwenye kompyuta za nyumbani hukiita adoni, rasimu imekipa jina la "nyongeza ya ziada ya kiigizaji cha urukaji". Maneno manne na viunganishi vitatu, kwa kitu ambacho mtu hukipakua huku anakunywa chai. Nyongeza ya ziada! Ningependa kuonyeshwa nyongeza isiyo ya ziada.

Sina ugomvi na kiigizaji, ingawa mimi nasema simuleta kama wasemavyo wenye nazo. Urukaji nawaachia panzi na vyura. Ndege hurushwa, na anayeirusha ni rubani. Neno hilo rubani lingetosha kuwa funzo kwa kamati yoyote. Asili yake ni Kiarabu, na aliyeitwa hivyo alikuwa mtu wa baharini, mjuzi wa miamba na mikondo, aliyekiongoza chombo hadi bandarini. Eropleni zilipokuja, hakuna aliyeitisha kikao cha siku tatu chenye posho. Watu walilichukua neno lililokuwa majini wakalipandisha angani, na likakaa. Usukani nao ulitoka kwenye chombo, ukapita kwenye gari, na leo uko mikononi mwa rubani wa Cessna. Ndege ni ndege, bawa ni bawa. Hata hiyo istilahi yenyewe, kwa Kiarabu, ni mapatano. Shina lake ni moja na la suluhu na maslahi. Istilahi ambayo watumiaji hawajapatana juu yake haijawa istilahi bado, hata ikipigwa mihuri mingapi.

Tuje kwenye nyongeza. Kuongeza ni kuzidisha kiasi. Mfanyakazi akipata nyongeza ya mshahara, hawezi kwenda benki akaomba aonyeshwe noti zipi ndizo nyongeza na zipi ndizo mshahara. Maji yakiongezwa kwenye maziwa, hata aliyeyaongeza hawezi kuyatoa. Kinachoongezwa huyeyuka ndani ya kile kilichokuwapo, na huko ndiko neno hili linakovunjikia, kwa kuwa ndege ya adoni haiyeyuki.

Chukua Comanche 250 ya A2A Simulations, iliyotolewa mwaka 2023 kwa ajili ya Microsoft Flight Simulator, ambayo kwangu mimi haina mshindani kati ya ndege ndogo zote za simuleta. Ndege halisi ilitengenezwa na Piper huko Lock Haven, Pennsylvania: injini moja ya Lycoming yenye silinda sita na nguvu za farasi 250, magurudumu yanayokunjwa. Utengenezaji wa Comanche ulikoma mwaka 1972, kimbunga Agnes kilipoleta mafuriko yaliyoharibu kiwanda na mitambo yake. Ndege ambayo maji yaliitoa kiwandani sasa inawaka mezani kwa mtu. Tena inawaka kwa masharti. Ukikaa ardhini na mchanganyiko wa mafuta ukiwa mzito, bila kuvuta kile kishikio chekundu kuupunguza, plagi zinaanza kushika utandu, kwa kuwa petroli ya ndege hizi ina risasi. Hutaona kitu kwa wakati huo. Utafika mwanzo wa njia ya kurukia, utajaribu magneto moja moja kama inavyotakiwa, na upande mmoja injini itatetemeka, mizunguko iporomoke. Zima kompyuta kwa hasira, uiwashe wiki ijayo: plagi ni zile zile chafu. Oili uliyoichoma imepungua, betri uliyoinyonya ni dhaifu. Ndege ina kumbukumbu yake, na makosa yako imeyatunza.

Sasa iondoe Comanche hiyo. Simuleta inabaki nzima, haina hata mkwaruzo. Cessna 172 iliyokuja nayo inawaka kama kawaida, milima iko mahali pake, mawingu yanapita. Hiyo ni nyongeza gani inayotoka bila kuacha pengo?

Wapo wanaosema programu-jalizi, neno ambalo limekwisha kuzoeleka kwenye menyu za programu nyingi, na silipingi huko liliko. Lakini tazama limetoka wapi: jaa, jaza, jaliza. Kinachojalizwa kilikuwa na upungufu. Microsoft Flight Simulator ilipotoka Agosti 2020 ilikuwa na ndege zake na ulimwengu wake, na aliyeinunua angeweza kurusha 172 kutoka Arusha hadi Seronera siku hiyo hiyo. Haikuwa gunia linalosubiri kujalizwa. Mwenzangu mmoja, ambaye simtaji na mwenyewe anajijua, anashikilia kiambatisho. Kiambatisho huandamana na barua kikiwa nje yake. Ndege hii huingia ndani, hutumia upepo wa simuleta, mwanga wake na viwanja vyake. Iambatane na nini? Nilimwuliza swali hilo mbele ya watu na jibu alilonipa lilihusu umri wangu.

Neno ni pachika. Mwindaji hupachika mshale kwenye uta. Mtu hupachika kisu kiunoni. Fundi hupachika mpini kwenye tundu la shoka. Mara zote kuna vitu viwili, kila kimoja kikiwa kizima kivyake, na kimoja kinakaa ndani ya kingine kwa kushikizwa bila kuyeyuka. Na pachika lina mwenziwe. Kiswahili kina jamii ya vitenzi vinavyokwenda wawili wawili, mmoja wa kuweka na mmoja wa kuondoa: bandika na bandua, funika na funua, anika na anua. Pachika na pachua ni wa ukoo huo. Ongeza hana mwenzi wa namna hiyo. Unaweza kupunguza, lakini kupunguza si kukitoa kile kile ulichokiongeza. Lugha yenyewe, kwa umbo la kitenzi, inakwambia kwamba kilichopachikwa kinaweza kupachuliwa. Sijui kamati iliyoandika rasimu ilitaka ushahidi gani zaidi ya huo.

Tamka likatupa tamko, andika likatupa andiko, badilika likatupa badiliko. Pachika litupe pachiko. Nililipendekeza nikaambiwa kwa mdomo, ukumbini, nje ya kumbukumbu za kikao, kwamba "lina harufu": mtu hupachikwa jina la utani, hupachikwa cheo asichokistahili. Ni kweli. Na kuongeza je, hakuna kuongeza chumvi? Kama harufu ndiyo kipimo, faharasa nzima ingebaki na herufi tu. Watangazaji wa mpira wanapachika mabao kila mwisho wa wiki na hakuna aliyeziba pua. Tena tangu marefa walipoanza kurudia picha za video, bao lililopachikwa linaweza kupachuliwa mbele ya uwanja mzima, jambo linalozidi kuipa nguvu hoja yangu.

Kuna pingamizi moja la maana, na linatoka kwa marubani wa mezani wa zamani, si kwa kamati. Wanasema: katika Flight Simulator X ya mwaka 2006 ndege haikupachuka kirahisi. Kisakinishi kilitawanya mafaili. Ndege folda hii, mita zake folda ile, moshi na taa kwingine, na mistari mipya ikachomekwa kwenye faili la mipangilio. Ukiondoa ndege, masalia yalibaki, na baada ya miaka miwili hakuna aliyejua kipi ni cha nani. Nakubali. Kwa zama hizo nyongeza ilikaribia kuwa sahihi, kwa kuwa vitu vilichanganyika kweli. Lakini toleo la 2020 lilileta folda moja iitwayo Community. Ndege nzima huwekwa humo kama folda moja, ukiitoa, imetoka. Teknolojia imekifuata kitenzi, na faharasa ya leo haina sababu ya kuandikwa kwa ajili ya kompyuta za 2006.

Tena pachiko huweza kukaa juu ya kitu kisicho simuleta yenyewe. Cessna Caravan huku kwetu haihitaji kutambulishwa. Ndiyo inayowashusha watalii kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti, na ndiyo inayovuka kwenda Unguja mara nyingi kwa siku. Caravan iliyokuja na simuleta ya 2020 ina skrini za kisasa za Garmin mbele ya rubani. Kampuni ya Black Square ikatoa Caravan ya mita za mshale, zile za duara zenye kioo, pamoja na swichi na fyuzi zinazofanya kazi moja moja. Haikuunda mwili mpya. Mwili ni wa ile ile ya Microsoft, bila huo kazi yao haiwezi kuruka. WB-Sim nao waliifanyia 172 ya simuleta jambo linalofanana na hilo: wakaipa ukaguzi wa kuizunguka kabla ya safari, pamoja na uchakavu wa injini. Jaribu kuliita hilo kwa lugha ya rasimu: nyongeza ya ziada ya nyongeza isiyo ya ziada. Kwa istilahi yangu ni pachiko la Caravan, pachiko la 172, na msomaji amekwisha kuelewa.

Anayeuliza aanze na pachiko lipi: Arrow III ya Just Flight, ajizoeze magurudumu ya kukunja na rafadha ya kurekebishwa, kisha Comanche, kisha Caravan ya mita.

Yapo mambo madogo ya sarufi, na nitayapitia upesi kwa kuwa kila nilipoyaanzisha kikaoni niliambiwa muda umekwisha. Pachiko liingie ngeli ya LI-YA: pachiko hili, mapachiko haya. Kipachiko sikitaki. Kiambishi ki- kitafanya watu wadhani ni kifaa cha kupachikia, kama kifuniko ni cha kufunikia, na tutarudi kubishana. Anayeingiza ndege amepachika, anayeitoa amepachua, na asiyeweza kuipachua aisome upya ile folda ya Community badala ya kulaumu neno. Usukani wa plastiki unaofungwa mezani si pachiko hata kidogo. Hicho ni kifaa, na rasimu iliyovitia vyote viwili kwenye kapu moja imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukitumia chochote kati ya hivyo.

Yeyote atakayeona pachiko ni gumu mdomoni, na aendelee kusema adoni. Neno la kukopa si dhambi, rubani naye alikopwa. Ila aliache kwenye ngeli ya I-ZI, adoni hii, adoni hizi. Maadoni sitayavumilia.