Kugeuza Kasha Kuukuu Kuwa Kompyuta Tulivu: Moshi na Vijiji vya Mlimani

Kugeuza kasha kuukuu ni kazi ya kuchukua sanduku la chuma la kompyuta iliyokwisha kufa, kulikata na kulirekebisha, kisha kufunga ndani yake mazabodi, prosesa na vipuri vya sasa ili ipatikane kompyuta mpya yenye sauti ndogo. Kazi hii inaunganisha fani mbili, ufundi bati na ufundi wa kompyuta. Mjini Moshi na katika vijiji vya mlimani, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, fani zote mbili zina wenyewe. Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, wamefua chuma tangu zamani za mikuki na majembe, na chuo cha VETA Moshi kinafundisha ufundi stadi hadi leo.

Makala haya yanaeleza kwa nini kasha la zamani bado linafaa, kelele hutoka wapi, hali ya hewa ya Kilimanjaro inadai nini, na kazi yenyewe hufanywaje. Kanuni inayoyashika yote hayo ni moja: utulivu wa kompyuta hutokana na hewa inayopita bila kizuizi. Sponji na mpira huja baadaye.

Vipimo ambavyo havijabadilika

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitangaza vipimo vya ATX vya mazabodi, kasha na pawa saplai, ambavyo ndivyo vinavyotumika hadi leo. Mazabodi, yaani ubao mkuu, kamili ya ATX ina milimita 305 kwa 244. Ndugu zake wadogo ni microATX yenye milimita 244 kwa 244, na Mini-ITX yenye milimita 170 kwa 170. Zote tatu zinashirikiana mahali pa matundu ya skrubu, hivyo ubao mdogo hukaa vizuri katika kasha la ubao mkubwa. Uwazi wa nyuma wa kupitishia milango ya ubao una takribani milimita 159 kwa 44, na pawa saplai ya kawaida ina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Kasha la mwishoni mwa miaka ya 1990 linaweza kupokea ubao ulionunuliwa mwaka huu kwa kuwa vipimo hivyo vimebaki vilevile.

Historia ya Tanzania imesaidia katika hili. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo iliondolewa katika miaka ya 1990. Kompyuta za mezani zilipoanza kuingia kwa wingi maofisini, mashuleni na majumbani, ATX ilikuwa tayari imeshika soko. Ndiyo maana makasha mengi yaliyolala katika stoo za shule na ofisi za mkoa wa Kilimanjaro ni ya jamii hiyo. Mengine yalikuja kama misaada ya kompyuta zilizotumika Ulaya, na mengine kwa wafanyabiashara wanaochukua mali Dar es Salaam, Arusha na Nairobi.

Kuna aina mbili za kuepuka. Ya kwanza ni makasha ya BTX, vipimo ambavyo Intel ilivileta mwaka 2004 na kuviacha miaka michache baadaye. Ndani yake ubao hukaa upande wa pili wa kasha, hivyo hauingii bila kuhamisha bamba zima la kuushikilia. Ya pili ni makasha membamba ya kulala ya kampuni kubwa kama Dell na HP, ambayo mara nyingi pawa saplai, feni na waya za swichi zake ni za umbo la kampuni yenyewe.

Faida nyingine ya kasha la zamani ni chuma chake. Mengi yana bati la karibu milimita 0.8 hadi 1, wakati makasha mengi ya bei nafuu ya sasa yana nusu milimita au pungufu. Bati nene halitetemeki upesi, na linavumilia drili na tupa bila kujipinda.

Kelele hutoka wapi

Chanzo cha kwanza ni feni. Sauti ya feni hupanda haraka sana kadiri kasi inavyoongezeka: ukipunguza mizunguko yake kwa nusu, kelele hushuka kwa takribani desibeli 15. Kiasi cha hewa nacho hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, hivyo feni ya milimita 120 husukuma hewa mara tatu na zaidi ya feni ya milimita 80 yenye umbo lilelile na kasi ileile. Kwa hesabu hiyo, feni kubwa inayozunguka polepole hufanya kazi ya feni ndogo inayopiga mbio, tena kwa sauti ndogo zaidi. Makasha mengi ya zamani yana nafasi za milimita 80 au 92 tu, na hapo ndipo msumeno unapohitajika.

Chanzo cha pili ni kizuizi. Wavu wa chuma uliotobolewa moja kwa moja katika bati la kasha huweza kuziba karibu nusu ya mlango wa feni. Hewa ikipasuliwa na kingo hizo hutoa mvumo, na feni hulazimika kuongeza kasi.

Chanzo cha tatu ni hadi diski. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na mtetemo huo ukifungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye chuma, kasha zima hunguruma. Tiba kamili ni SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Mwenye kuhitaji diski kubwa kwa kuhifadhi picha au rekodi aikalishe juu ya vipande vya mpira.

Hewa, joto na vumbi la Kilimanjaro

Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa mita 800 hivi na kuendelea, na mageti ya kupandia mlima ya Machame na Marangu yapo karibu na mita 1,800. Kila mita 1,000 za kupanda, hewa huwa nyepesi kwa takribani asilimia 10, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu. Papo hapo hali ya hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Tuseme prosesa ya kompyuta iliyoko tambarare huwa na nyuzi 30 juu ya joto la chumba. Mita 1,000 juu zaidi, tofauti hiyo itafika nyuzi 33 kwa sababu ya wepesi wa hewa, lakini chumba chenyewe kitakuwa kimepoa kwa nyuzi 6. Hesabu inabakiza faida ya nyuzi 3. Kwa hiyo mtu wa Kibosho au Marangu anaweza kuendesha feni zake polepole kuliko mtu wa mjini, na wa mjini apange kwa ajili ya Februari na Machi, ambapo joto la mchana Moshi hupita nyuzi 30.

Vumbi ni adui mkubwa kuliko joto. Udongo wa mlima huu ni wa volkano, na kiangazi vumbi lake laini huingia hata madirisha yakifungwa. Jikoni kunakopikwa kwa kuni kuna masizi yenye mafuta, ambayo hunata kwenye mapanga ya feni na kukataa kupulizwa. Hewa iingie kwa mlango mmoja wenye chujio, nayo feni za kuingiza ziwe na nguvu kidogo kuliko za kutoa, ili kila ufa wa kasha utoe hewa badala ya kuvuta vumbi. Wavu wa mbu wa dirishani unafaa kuwa chujio la kwanza, kwa kuwa huzuia nyuzi na wadudu na kupitisha hewa vizuri. Matundu yasiyotumika yazibwe, maana mende na mijusi hupenda joto la pawa saplai.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta unyevu mwingi, hasa juu mlimani. Ukingo wa bati uliokatwa bila kupakwa rangi huanza kushika kutu msimu huohuo.

Hatua za kazi

Kupima. Kabla ya kukata chochote, hakikisha mambo matatu: nafasi za nguzo za skrubu zinalingana na ubao, urefu kutoka kwenye ubao hadi kifuniko cha ubavuni, na umbali kutoka nyuma hadi kwenye banda la hadi diski. Kipimo cha pili kinaamua kimo cha hitisinki, yaani kipozeo cha prosesa. Cha tatu kinaamua urefu wa kadi ya picha. Kasha lenye upana wa milimita 180 halitapokea hitisinki za milimita 160.

Kuvua. Toa kila kitu: ubao, waya, uso wa plastiki na banda la diski. Banda hilo mara nyingi limefungwa kwa ribiti. Toboa vichwa vya ribiti kwa drili na litoke zima, kisha libaki nje kama SSD inatosha. Kuliondoa tu huifungulia hewa njia ya moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma.

Kukata. Chora duara kwa kalamu ya ncha kali, piga ponchi katikati, ukate kwa msumeno wa tundu au kwa grenda yenye jiwe jembamba. Feni ya milimita 120 inahitaji tundu la kipenyo cha milimita 115 hivi, na skrubu zake nne hukaa kwa umbali wa milimita 105 kutoka moja hadi nyingine. Kata tundu la feni moja mbele chini na, nafasi ikiruhusu, moja nyuma karibu na prosesa. Wavu uliotobolewa katika bati uondolewe wote, badala yake ufungwe wavu wa waya mwembamba wa mviringo. Kazi hii ifanyike kasha likiwa tupu kabisa: chembe moja ya chuma ikibaki chini ya mazabodi inaweza kuiunguza siku ya kwanza. Vaa miwani, na kata nje penye hewa, kwani bati la makasha mengi limepakwa zinki na moshi wake unadhuru.

Kumalizia. Lainisha kingo kwa tupa, kisha msasa. Osha kasha kwa maji na sabuni, likauke juani, lipakwe praima ya chuma na baadaye rangi ya kupuliza kwa tabaka nyembamba. Sehemu ambazo ubao na pawa saplai hugusana na kasha zibaki bila rangi, ili chuma chote kiwe na njia ya kwenda ardhini.

Kufunga. Kati ya feni na bati weka vipande vya mpira wa tyubu ya gari. Tumia feni za pini nne, ambazo ubao huzidhibiti wenyewe kufuata joto. Kwa prosesa ya wati 65, hitisinki ya mnara yenye feni ya milimita 120 inatosha, nayo mara nyingi huzunguka chini ya mara 1,000 kwa dakika. Waya zote zipitishwe pembeni zisikae mbele ya feni. Mwisho kabisa, bandika vipande vya mpira mzito wa lami, ule wa ndani ya milango ya magari, katikati ya vifuniko vya ubavuni, ili visitetemeke. Usijaze sponji: huhifadhi joto, na feni zitapandisha kasi.

Swichi ya mbele. Swichi ya kuwashia ina waya mbili tu, na kugeuzwa kwake hakuna madhara. Taa ina chanya na hasi. Kwa kasha la kampuni lenye plagi moja kubwa, tafuta jozi ya swichi kwa mita, kisha zitenganishe waya moja moja.

Umeme na usalama

Pawa saplai ya zamani isirudishwe kazini. Vikondensa vya miaka ya 1999 hadi 2007 vilijulikana kwa kuvimba na kuvuja, na nyingi za pawa saplai hizo zina feni ndogo yenye makelele. Wala isifunguliwe: ndani yake hubaki volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa. Nunua mpya yenye alama ya ufanisi ya 80 PLUS na feni ya milimita 120. Ukilazimika kujaribu ya zamani, angalia swichi nyekundu ya nyuma. Ikiwa kwenye 115, umeme wa Tanzania wa volti 230 utaiunguza papo hapo. Waya wa ardhi wa soketi upimwe, na mashine iunganishwe kwa UPS, kwani radi na kukatikakatika kwa umeme ni mambo ya kawaida miteremkoni wakati wa mvua.

Majaribio na matunzo

Iendeshe mashine kwa kazi nzito nusu saa, mchana, kasha likiwa limefungwa, huku programu ya bure kama HWiNFO au lm-sensors ikionyesha joto. Prosesa ikibaki chini ya nyuzi 80, punguza kasi ya feni kidogo, pima tena, na uendelee hivyo hadi upate kiwango cha chini kinachotosha. Chujio lioshwe kila mwezi wakati wa kiangazi, na ndani papulizwe kila baada ya miezi michache huku mapanga ya feni yakishikwa yasizunguke.

Matumizi

Kompyuta ya namna hii inastahili mahali ambapo sikio linafanya kazi. Moshi ina kwaya nyingi na studio ndogo za kuzirekodi, tena ina vituo vya redio kama Sauti ya Injili. Maikrofoni iliyo chumba kimoja na kompyuta hunasa mvumo wa feni, na mvumo huo ukishaingia ndani ya sauti za waimbaji, kuutoa ni kuharibu na sauti zenyewe. Maktaba na madarasa ya shule yananufaika vilevile: kompyuta 20 zenye feni ndogo humlazimisha mwalimu kupaza sauti kutwa nzima.

Mwenye kasha la zamani asiliuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kulipima. Likiwa na vipimo vya ATX, bati nene na nafasi ya feni mbili za milimita 120, ni mali: lipelekwe kwa fundi bati, likatwe, lipakwe rangi, lirudi kazini.