Siku ya Tatu Mpe Jembe, na Shamba Je?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi methali hii tumeigeuza kuwa ya kumfukuzia mtu. Shemeji akizidisha siku sebuleni tunaitupa hewani, na akiwa mwelewa anafunga mzigo wake. Lakini hebu tuitazame tena, ndugu msomaji. Anayefukuzwa huonyeshwa mlango, hapewi jembe. Aliyepewa jembe ameambiwa kwamba ipo kazi yake hapa, na siku ya mavuno naye atakuwamo. Tatizo ni moja tu: methali imetaja jembe, shamba haikulitaja. Ukiisoma historia ya Mbulu na Hanang utaona kwamba mambo yote ya wageni na wenyeji yamelizunguka hilo shamba lisilotajwa.

Nimezichagua wilaya hizi za Mkoa wa Manyara kwa sababu kule karibu kila mtu ni mgeni wa mwenzake. Zamani Hanang yenyewe ilikuwa sehemu ya Mbulu. Wairaqw, ambao sisi wa mjini tumezoea kuwaita Wambulu, wanazungumza lugha ya Kikushi, ndugu ya lugha za kule Ethiopia na Somalia. Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, lugha yao ni ya Kiniloti. Wanyiramba na Wanyaturu ni Wabantu. Bondeni Yaeda wapo Wahadzabe, wawindaji ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Makundi manne ya lugha yanakutana katika eneo ambalo basi linalizunguka kwa siku moja! Sasa niambie, hapo nani mwenyeji na nani mgeni?

Tuanze na Wairaqw. Masimulizi ya wazee wao ni masimulizi ya safari: kutoka mahali paitwapo Ma'angwatay, vita, kukimbia, vituo njiani, mpaka kufika Irqwar Da'aw, milima ya baridi juu ya Ziwa Manyara, kule Kainam. Hapo walikaa miaka mingi wakibanana, wakilima miteremko kwa samadi, kwa sababu tambarare zote zilikuwa mikononi mwa wafugaji wenye mikuki, Wamasai na Wadatoga. Kisha, miaka ya 1890, ikaja sotoka. Ng'ombe wakafa kama nzi, ndui na njaa vikafuata, na wafugaji wakadhoofika. Ndipo Wairaqw walipoanza kushuka. Wengine walikwenda kaskazini hadi Karatu, wengine kusini hadi Dongobesh, na baadaye wakafika kwenye ardhi nzuri ya miguuni pa Mlima Hanang.

Walipokewaje hao wahamiaji katika maeneo mapya? Wairaqw walikuwa na mpango wao. Nchi yao ilikuwa imegawanyika katika maeneo yaitwayo aya, na kila aya ilikuwa na mzee wake msemaji, kahamusmo. Mtu akija kutaka kuhamia alikwenda kwa mzee huyo kuomba mahali. Akikubaliwa alionyeshwa sehemu, akajenga, akalima. Tangu hapo akawa mtu wa aya ile, awe wa ukoo gani. Kilichomfanya mwenzao ni kukaa nao, kufanya kazi nao na kushiriki nao matambiko ya nchi. Damu haikuulizwa sana. Ndiyo maana hata leo koo nyingi za Kiiraqw zitakueleza bila aibu kwamba babu yao wa kwanza alitoka nje, kwa Wadatoga au kwa Wabantu. Mgeni alipewa jembe, shamba, na mtu wa kumsemea. Vitatu kwa pamoja.

Sisemi mambo yalikuwa asali tupu. Shamba la mhamiaji mmoja mara nyingi lilikuwa malisho ya mwingine, na kati ya Wairaqw na Wadatoga ilimwagika damu si kidogo. Nasema tu kwamba kazi ya kumpokea mgeni ilikuwa na mwenyewe. Mgeni alijua mlango wa kubisha.

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza kazi hiyo ilianza kuingia mikono mingine. Serikali ya kikoloni ilitaka kupunguza watu na mifugo milimani, basi ikahimiza kufyeka mapori yenye mbung'o ili watu wahamie huko. Haydom ni mojawapo ya sehemu zilizofunguliwa hivyo. Wewe fikiria: familia imetoka kwenye baridi ya Kainam, imeingia porini, haijui maji ya kule wala homa zake. Jembe lipo, shamba lipo, lakini mtoto anaungua homa usiku na zahanati hakuna. Mwaka 1955 Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei wakafungua hospitali hapo. Leo ni ya KKKT Dayosisi ya Mbulu, na inajulikana nchi nzima. Wagonjwa wake wanatoka katika makundi yote manne ya lugha niliyoyataja. Kumbe kituo kilichowekwa kuwahudumia wahamiaji kimegeuka kuwa mahali ambapo mahasimu wa zamani wanalala kitanda kwa kitanda, kila mmoja akimsikia mwenzake akiugulia kwa lugha yake.

Haydom hiyohiyo imepokea pia wanafunzi wa udaktari na uuguzi kutoka ng'ambo, wanaokuja kujifunza kwa vitendo. Kijana wa Kizungu anayejua vitabu vyote anasimama mbele ya bibi wa Kidatoga na hawezi hata kumuuliza anaumwa wapi. Kiingereza chake kinahitaji Kiswahili, na Kiswahili nacho kinahitaji Kidatoga. Bila muuguzi wa kumtafsiria, elimu yake yote inabaki mfukoni. Lakini mwanafunzi huyo anafika akiwa na mwenyeji anayemngoja, mahali pa kulala na mtu wa kumwambia hapa tunasalimiana hivi, pale usipite. Ugeni wake ni mgumu, ila umepangwa. Si kila mgeni ana bahati hiyo.

Sasa twende Hanang, nyanda za Basotu, mahali ambapo habari hii inauma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu, ikisaidiwa na Kanada, ilianzisha mradi mkubwa wa ngano chini ya shirika la umma lililoitwa NAFCO. Mashamba yakafika saba, eneo lake ekari laki moja hivi. Nchi ilihitaji mkate, hilo sikatai. Wakaja wataalamu wa Kanada, wakaja matrekta na mashine za kuvunia, na Watanzania nao wakapelekwa Kanada kusomea kilimo hicho. Mgeni kutoka upande wa pili wa dunia alipewa nyumba, karakana na shamba. Lakini shamba lile lilikuwa malisho mazuri kuliko yote ya Wabarabaig, ambayo waliyatumia kwa zamu kufuata majira.

Juu ya ardhi hiyo palikuwa pia na makaburi. Mzee wa Kidatoga mwenye heshima hazikwi kimyakimya. Huinuliwa kilima cha udongo katika shughuli ya miezi, iitwayo bung'eda, na watoto wa watoto hukijua kilima kile. Kwa watu wasioandika, hicho ndicho cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja kwa pamoja. Plau zilipita juu ya makaburi mengi ya namna hiyo.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha. Wakashinda. NAFCO ikakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Sababu mojawapo ni kwamba kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi ile kisheria. Nyingine, na hapa naomba usome polepole, ni kwamba wengi wa wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji, kwa maana ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923 tuliyorithi kwa Mwingereza. Sheria hiyo ilimtaka anayedai ardhi kwa mila athibitishe kwamba ni Mwafrika wa nchi hii. Yaani mtu kasimama kwenye nchi ya babu yake anaambiwa alete ushahidi wa uwenyeji! Na mwaka 1987 serikali ikatoa amri ya kuzifuta haki za kimila katika ardhi za namna hiyo. Basi tena.

Msaada wa Kanada ulikoma miaka ya mwanzo ya 1990. Wataalamu wakarudi kwao, maana walikuwa na kwao. Wabarabaig wengi walikuwa wameshatawanyika na ng'ombe wao: wengine bonde la Usangu kule Mbeya, wengine Morogoro, wengine mbali zaidi. Wamekuwa wahamiaji ndani ya nchi yao. Huko waendako jina linawatangulia. Wanaitwa Mang'ati, neno la Kimasai lenye maana ya adui. Hebu jiweke mahali pa mtoto wa darasa la kwanza ambaye Kiswahili hakijui vizuri, na jina la kwanza analoitwa na wenzake shuleni ni adui. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa tena Usangu, safari hii wakasukumwa kuelekea mikoa ya Lindi na Pwani. Watu walewale, ugeni mwingine.

Linganisha, ndugu msomaji. Mwiraqw aliyehamia aya mpya alikuwa na kahamusmo. Mlowezi wa Haydom alikuwa na hospitali. Mkanada alikuwa na mkataba. Mwanafunzi wa Norwei ana mwenyeji na mkalimani. Mbarabaig aliyefika Usangu alikuwa na nani? Kiongozi wa mtaa alimwona kama kero, mkulima alimwona kama hasara, na barua ya utambulisho hakuwa nayo, kwa sababu alikotoka hakuagwa na mtu.

Tukizungumza juu ya wahamiaji, mara moja mawazo yanaruka Ulaya na Marekani: viza, baridi, ubaguzi, ofisi za kuwasaidia wanafunzi wa kigeni. Ni kweli, na vijana wengi wa rika letu wanaota safari hizo. Lakini kijana wa Katesh anayeshuka stendi Arusha au Dar es Salaam ni mgeni vilevile, na anahitaji mambo yaleyale: pa kulala, lugha, kazi, na mtu mmoja wa kusema "huyu namjua." Desemba 2023, baada ya tope la Mlima Hanang kuifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80, walionusurika waliingizwa madarasani, na nchi nzima ikachanga magodoro na unga. Hakuna aliyedai ushahidi wa uwenyeji kabla ya kutoa blanketi. Kwa hiyo kupokea watu tunajua. Tatizo letu ni kwamba tunawapokea waliopigwa na mlima, na wale waliopigwa na sahihi ya karatasini tunawauliza wametoka wapi.

Ninyi wenzangu mnaojifunza kuandika, hapo tuna kazi. Hadithi ya aliyepanda ndege kwenda London imeshaandikwa sana. Ya yule aliyetembea na ng'ombe wake kutoka Basotu mpaka Lindi bado haijapata wa kuiandika ipasavyo. Siku utakayoiandika, anza kwa kumwita mtu huyo jina lake.