Pesa ya Kampuni

Nilipokwenda Shishiyu, wilaya ya Maswa, kumzuru mwanafunzi wangu wa zamani, alinijia mzee mmoja na mjukuu wake. Shingoni mwa mtoto mlikuwa na kipande cha shaba kilichotobolewa na kutiwa uzi. "Shehe," akanambia, "hii ni aya. Babu yangu alikuwa mpagazi, akaja nayo kutoka pwani. Nisomee."

Nikaifuta kwa ncha ya kanzu, nikasoma. Khati ni ya Kiarabu, tena nzuri: Sharikat Almaniya, 1307. Maana yake Kampuni ya Ujerumani. Upande wa pili yuko tai wa Kaizari.

Khabari ya shaba hiyo ni hii. Mwaka 1888 Sayyid Khalifa bin Said aliikodisha pwani yake kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, nayo ilikuwa kampuni ya biashara. Watu wa Pangani na miji mingine wakaikataa, wakasimama na Abushiri bin Salim Al-Harthi. Akanyongwa Pangani, Disemba 1889. Mwaka uliofuata kampuni ile ile ikaanza kupiga rupia za fedha na pesa za shaba, pesa 64 kwa rupia moja. Serikali ya Ujerumani ilishika nchi tangu Januari 1891, lakini sarafu ikabaki mikononi mwa kampuni kwa miaka mingine zaidi ya kumi.

Na kwa nini Kiarabu? Mikono ya watu ilikwisha zoea pesa ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299, yenye picha ya mizani na jina lake kwa khati hiyo. Mfanyabiashara aliijua khati inayoaminiwa, akaiazima. Hata mjukuu wa mpagazi akaivika kama hirizi!

Mwaka 1904 serikali ikaleta heller, ndiyo hii hela tunayoitaja hadi leo, 100 kwa rupia. Hapo ndipo penye mtego. Pesa 16 ni robo rupia, sawa na hela 25, hesabu imetimia. Lakini pesa moja peke yake ni hela moja na nusu na ziada kidogo. Mwenye duka akilipa hela moja kwa deni la pesa moja, amekula zaidi ya theluthi ya haki ya mwenziwe, na mtu wa pesa moja ndiye maskini.

Wanavyuoni walikwisha yazungumza haya zamani, katika mlango wa fulusi zinapobatilishwa na sultani. Imamu wetu Shafii asema katika Al-Umm kuwa mwenye kudai hapati ila mfano wa fulusi alizokopesha. Abu Yusuf asema alipwe kima chake cha siku ile aliyezipokea mkopaji. Mimi ni Shafii na nitakufa Shafii, inshaallah, lakini nikimfikiri mpagazi na fundo lake la shaba, moyo hunivuta kwa Abu Yusuf. Na leo muuza duka anayemtupia mtoto pipi badala ya chenji, bila ya kumuuliza radhi, ajiulize kama pipi hiyo yeye ataipokea mtoto akija kununulia sukari.

Nilimweleza mzee yote. Akanyamaza, kisha akaufungua uzi shingoni mwa mtoto.

"Kumbe hela tu," akasema.